Majaribio ya mitishamba: wanaokuja mbio sio lazima ndo mnaowahitaji

Swali: Shikamoo dokta. Niko kwenye timu ya watafiti, tunataka kujaribu kapsuli za mmea ambao watu wanautumia miaka mingi kushusha sukari. Kibali cha kamati ya maadili tunacho, plasebo, yaani kapsuli tupu za kulinganishia, ipo, kila kitu kiko tayari. Tulipotangaza watu walimiminika siku za mwanzo, ila karibu wote tumewarudisha kwa sababu wanautumia huo mmea tayari, na wachache waliobaki wakisikia kuna kundi litapewa kapsuli zisizo na dawa wanaaga. Sasa hivi kumekauka kabisa. Bosi anasema tuongeze posho. Tunapataje watu?

Marahaba. Mwambie bosi wako posho aiache kwanza, nitaifikia huko mbele, maana kwa unavyoeleza shida yenu sio kwamba watu hawataki kuja. Walikuja, tena wengi, na nyie ndo mkawarudisha. Kwenye dawa za kiwandani mambo ni kinyume, mtu hajawahi kusikia hicho kidonge, jina lenyewe ni herufi na namba, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuzungumza naye mpaka hofu ipungue. Kwenye mitishamba hofu ni ndogo, kilichojaa ni imani, na mimi nasema imani inamsumbua mtafiti kuliko hofu kwa sababu mwenye hofu anauliza maswali na mwenye imani haulizi, yeye amekuja kuchukua dawa. Ukimwambia kuna nusu ya watu hawatapewa anaona umemzunguka, na ukisoma matangazo mengi ya hizi tafiti utakubali kwamba ana haki ya kuona hivyo.

Sijaliona tangazo lenu ila nabahatisha, jina la mmea juu kwa herufi kubwa, picha ya majani, halafu chini "unasumbuliwa na sukari? shiriki bure". Kama ndivyo basi mmewaita mashabiki, na shabiki wa mmea atakuwa anautumia, hapo hakuna cha kushangaa. Geuzeni. Tangazo lianze na hali ya mtu: una kisukari aina ya pili, unatumia metformin (dawa ya hospitali ya kisukari) peke yake, sukari bado haijatulia, una umri wa kuanzia fulani mpaka fulani. Mmea utajwe, usifichwe hata kidogo, lakini ukae kwenye maelezo, pamoja na sentensi ya wazi kabisa kwamba haijajulikana kama unasaidia na kwamba baadhi ya watu watapewa kapsuli zisizo na dawa. Anayekimbia akisoma hiyo sentensi akimbie pale pale, asikimbilie mezani kwenu mkishamtoa damu. Maneno kama "salama", "imethibitishwa", "dawa mpya", "matibabu bure" yatoeni yote. Na kumbukeni tangazo lenyewe linapitishwa na kamati ya maadili sawa na fomu ya ridhaa, hata ile meseji ndogo mnayorusha kwenye magrupu ya simu, watu wengi wanasahau hii.

Halafu acheni kukaa mnasubiri. Kuna jaribio kubwa la ginkgo, mmea ambao watu wanautumia kwa ajili ya kumbukumbu, lilifanyika Marekani, matokeo yalitoka 2008, washiriki 3,069 na wote wana miaka 75 kwenda juu. Wale hawakusubiri wapenzi wa ginkgo wajilete, walichukua orodha za wapiga kura na orodha nyingine za anwani wakawaandikia watu wa umri ule. Aliyeingia ilibidi akubali kuachana na ginkgo ya kujinunulia dukani, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, hakuruhusiwa. Mwisho wa siku ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wapenzi wake hawakufurahi, lakini lile jibu lina uzito mpaka leo na sababu mojawapo ni jinsi watu walivyotafutwa. Kwenu nyie orodha hiyo ni daftari la kliniki ya kisukari. Sio kwamba mnaingia mnafungua mafaili ya watu, hapana, mhudumu wa kliniki ambaye tayari ana haki ya kuyaona ndo anamuuliza mgonjwa kama yuko radhi kuongea na watafiti, akikubali ndo mnapewa namba yake. Na anayemuuliza asiwe daktari anayemtibu kama mnaweza kulikwepa hilo, mgonjwa anaona akimkatalia daktari wake atahudumiwa vibaya, hata kama daktari hana wazo hilo.

Sasa hawa mliowarudisha. Kwamba anayetumia mmea leo hawezi kuanza kesho hilo mko sawa, na sababu iko kwenye kipimo. HbA1c inaangalia sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120, kwa hiyo namba inabeba habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Mtu aliyeacha mmea wiki jana ukimpima leo namba yake ya kuanzia ina mmea ndani. Kama mmea unafanya kazi kweli na yeye akaangukia plasebo, sukari itapanda kwa sababu tu kaacha alichokuwa anatumia, mmea utaonekana shujaa kuliko ulivyo, na akiangukia kundi la mmea namba haitasogea na mtaandika kwamba haufanyi kitu. Vyovyote vile mmeharibu. Lakini kutomwingiza kesho sio kumfuta moja kwa moja, unaweza kumuomba apumzike miezi mitatu, metformin yake anaendelea nayo kama kawaida, sukari inafuatiliwa katikati, na muweke kabisa kiwango ambacho sukari ikikivuka anatolewa na kurudi kwa daktari wake. Baada ya hapo anapimwa upya kama anafaa.

Mtego wa hapo ni huu, timu nyingi zinamwambia mtu kwa simu "acha kwanza, njoo baada ya miezi mitatu tukusajili". Haifai. Kumwachisha mtu kitu kwa ajili ya utafiti wako ni utafiti tayari, ridhaa inatangulia, anasaini kwanza ndo anaacha. Na wakati mko kwenye HbA1c, angalieni wenye selimundu, wenye upungufu mkubwa wa damu na waliotoa au kuongezewa damu karibuni, kwao kipimo hicho kinadanganya.

Tuje kwenye kapsuli tupu, hapa ndo mnapopoteza watu na nadhani ni kwa sababu ya jinsi mnavyoeleza. Watu wengi wanaeleza plasebo kama vile wanaomba radhi, "samahani, bahati mbaya kuna kundi halitapata". Ukisema hivyo umeshamwambia kwamba mmea unafanya kazi na yeye anaweza kunyimwa. Mimi namwambia mtu: mama, hatujui kama huu mmea unashusha sukari, tungekuwa tunajua tusingekuita. Halafu namweleza kitu ambacho kila mwenye kisukari anakijua moyoni. Mtu akiingia kwenye utafiti anapimwa mara kwa mara, kuna mtu anampigia simu, anakumbuka dawa zake za hospitali, anapunguza vitu vya sukari kwa sababu anajua Jumatatu atapimwa, na sukari inashuka bila kapsuli yoyote. Isitoshe wengi wanakuja siku ambazo sukari imepanda sana na ikishapanda sana mara nyingi inarudi chini yenyewe kidogo. Sasa tukiwapa wote mmea halafu sukari ikashuka, tutasema imeshushwa na nini? Ukilieleza hivyo watu wanaelewa, tena haraka kuliko wanafunzi wa udaktari. Muongezee kwamba haachi dawa yake ya hospitali, kwamba kundi lisilo na mmea halijaachwa bila matibabu, kapsuli inakuja juu ya tiba ambayo anayo tayari. Kama protokoli yenu, ule mpango wa utafiti mlioandika, haiko hivyo, yaani kama mlipanga kumwachisha mtu metformin, basi wanaowakimbia wana akili.

Kuna njia mbili watu wanazitumia kulainisha hili. Moja ni kugawa wawili kwa mmoja, wawili wanapata mmea na mmoja plasebo. Inavutia watu kweli ila ina gharama, kwa nguvu ile ile ya kitakwimu, yaani uwezo ule ule wa kuiona tofauti kama ipo, kama mlihitaji watu 100 nusu kwa nusu sasa mnahitaji kama 113. Ya pili ni kuahidi kwamba aliyepata plasebo atapewa mmea mwishoni. Hii mimi siipendi, sio kwamba imekatazwa, ila ahadi yenyewe inasema kimya kimya kwamba mmea ni kitu kizuri cha kusubiriwa, na unaitoa kabla hujajua kama una madhara. Mkitaka kuifanya ifungeni na matokeo ya usalama, utatolewa kama tu data za usalama zimekaa vizuri.

Na hiyo plasebo yenu ikoje? Nauliza kwa sababu mmea unaojulikana, watu wanaujua kwa harufu na uchungu wake, na washiriki watafungua kapsuli walambe, msijidanganye kwamba hawatafungua. Aliyegundua kwamba yake haina uchungu anaondoka, au mbaya zaidi anabaki na anarudi kununua mmea wake kimya kimya. Kwenye jaribio moja la saw palmetto kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua, washiriki 225 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2006, ule mmea una harufu kali kwa hiyo walihangaika kutengeneza plasebo inayofanana nayo, na mwishoni waliwauliza washiriki wanadhani walikuwa wanameza nini, makundi mawili yakajibu karibu sawa. Hilo swali liwekeni na kwenu. Kabla ya hapo chukueni watu ambao hawamo kwenye jaribio wawajaribie kuzitofautisha, kazi ya siku moja tu, kwa kunusa na kulamba, mkiwa na ruhusa ya kamati bila shaka.

Kuna kitu hujauliza ila lazima nikiseme, kwamba katika wale mliowakubali pia kuna wanaotumia mitishamba na hamjui. Ukimuuliza mtu "kuna dawa unatumia?" atajibu hapana kwa moyo safi kabisa, kwa sababu kwake majani anayochemsha asubuhi sio dawa. Uliza vipande vipande, unakunywa nini ukiamka, kuna unga wowote unachanganya, kuna kitu cha kupaka, kuna kitu umepewa na jirani au ndugu, mwambie aje na vyote kwenye mfuko uvione. Na anayeuliza asikunje sura, maana ukikunja sura hapo umemkosa, atawadanganya mpaka siku ya mwisho. Sio ubishi wa kitaalamu tu huu. Mmea wa Hypericum perforatum ambao Ulaya na Marekani wanautumia kwa sonona, mwaka 2000 ulijaribiwa kwa watu 8 wenye afya njema waliojitolea pamoja na indinavir, dawa ya virusi vya ukimwi, na kiasi cha indinavir kwenye damu kikashuka kwa 57%. Watu 8 tu, na baada ya hapo tahadhari ikatolewa kwa madaktari. Mmea unaweza kuharakisha ini kuisafisha dawa nyingine, au kuichelewesha. Kwenye sukari hatari inayokuja mbele ni nyingine, kama mmea kweli unashusha na mtu yuko kwenye glibenclamide (kidonge kingine cha kisukari) au insulini, sukari inaweza kushuka mpaka azimie, ndo maana nikasema anzeni na walio kwenye metformin peke yake ambayo ikiwa yenyewe ni mara chache kumfikisha mtu huko.

Hatari hizo ziandikwe kwenye fomu ya ridhaa kwa lugha ya kawaida, na zisemwe kwa mdomo. Neno "asili" linawalaza watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji wanawake waliokuwa kwenye kliniki ya kupunguza unene walipewa mchanganyiko wa mitishamba ambao ndani yake mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa kimakosa na Aristolochia, zaidi ya 100 wakaharibika figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo mshiriki ana haki ya kujua kwamba mmea umetambuliwa na mtaalamu wa mimea, sampuli imehifadhiwa, na kwamba figo na ini lake vitapimwa kila baada ya muda. Akishasikia yote mwambie akueleze yeye kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?" maana jibu la swali hilo ni ndio siku zote, muulize "ukirudi nyumbani wakikuuliza unaenda kufanya nini kule utawaambiaje?" Akijibu "nimepata dawa ya sukari" rudieni, hajaingia kwenye utafiti huyo, ameingia kwenye matibabu ambayo hayapo. Asiyejua kusoma awe na shahidi ambaye hana uhusiano na timu yenu.

Kuna kishawishi cha kujazia nafasi kwa wanafunzi wenu, wafanyakazi wa maabara, ndugu. Najua hadithi ya Tu Youyou, yule mtafiti wa China aliyepata Nobel 2015 kwa artemisinin, dawa ya malaria, kwamba mwaka 1972 yeye na wenzake wawili walimeza dondoo wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Ni kweli na ni ushujaa, lakini ilikuwa zama zile, na waliomeza ni wenye utafiti wenyewe. Mwanafunzi ambaye wewe unamsahihishia mtihani hana uhuru wa kukukatalia, kamati itawauliza na hamtakuwa na jibu.

Waganga wa tiba asili na wauza dawa za miti shamba nadhani hamjawafuata, au mmewafuata mkawaahidi kitu kwa kila kichwa. Kwa kila kichwa msifanye, kabisa. Anayelipwa kwa idadi atawafundisha watu waseme nini ili wapite, na nyie mtapokea watu wenye majibu yanayofanana. Ila kuwapita pembeni ni kosa kubwa zaidi kwa sababu watu watawauliza wao kwanza, na mganga akisema "hao wanawapa makapi" mmeisha. Kaeni nao mapema, waelezeni mpango mzima pamoja na plasebo, waulizeni wao wanaona nani anafaa na dozi wanayotoa ni ipi, mara nyingi dozi ya kapsuli haina uhusiano wowote na inayotumika majumbani na wao ndo wataiona hiyo kasoro. Swali lao kubwa litakuwa mkifaulu nani anapata nini. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inahusu mambo hayo hayo, kugawana faida na wenye maarifa, kwa hiyo kama mmea mliufahamu kupitia kwao makubaliano yawe yameshaandikwa, sio "tutaangalia baadaye". Mganga aliyeridhika atawasaidia kutoa habari, kusajili abaki mtu wenu.

Haya, posho. Kumrudishia mtu nauli na kumfidia muda wake ni haki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti, ule wa CIOMS wa 2016, unakubali hilo, kinachokatazwa ni pesa ya kumfanya mtu apuuze akili yake. Ulipaji uwe kwa kila hudhurio, usimfungie yote mpaka siku ya mwisho ili asitoroke, ana haki ya kuondoka wakati wowote na alichokwisha kufanya kinalipwa. Mkipandisha sana bosi wako atapata watu kweli, watu wanaosema hapana kwa kila swali la fomu, hapana situmii mitishamba, hapana siko kwenye utafiti mwingine, hapana sina ugonjwa wa figo. Kwenye mitishamba hilo ni sumu mara mbili kwa sababu kitu mnachojaribu mtu anaweza kukipata mwenyewe bila cheti. Pesa mliyotaka kuongeza iwekeni kwenye nauli halisi, simu za ukumbusho, na kliniki ya jioni au Jumamosi kwa wanaofanya kazi, maana wengi wanaoacha sio kwamba wamechoka utafiti, wamechoka foleni.

Hesabu moja ya haraka, kama mmepanga watu 100 na mnategemea asilimia 20 wataacha njiani, msizidishe kwa 1.2 mkapata 120, maana 20% ya 120 ni 24 mnabaki na 96. Gawanyeni kwa 0.8, ni 125. Na msishtuke idadi ikiwa ndogo kuliko mlivyoandika kwenye maombi ya fedha, watafiti wana utani wanauita sheria ya Lasagna, wa Louis Lasagna, mtaalamu wa dawa wa Marekani, kwamba jaribio likianza tu wagonjwa wanaofaa wanapotea ghafla, likiisha wanarudi.

Kwa sasa simamisheni tangazo la zamani. Andikeni marekebisho ya protokoli, mapumziko ya miezi mitatu, tangazo jipya, njia ya kupitia kliniki, yapelekeni kamati, na muangalie kama jaribio limesajiliwa kwenye rejista ya umma kabla mtu wa kwanza hajaingia, maana majarida makubwa ya kitabibu yanadai hivyo tangu 2005 na usajili wa kuchelewa haukubaliki. Kila mliyemrudisha aandikwe kwenye daftari na sababu yake, bila jina kama hakusaini chochote, mtaihitaji hiyo idadi siku ya kuandika ripoti. Kibali kikirudi wapigieni wale wa mwanzo, kama waliwaachia namba na ruhusa ya kupigiwa tena. Kama hamkuomba ruhusa hiyo basi hao wameshakwenda, anzeni na kliniki.